Chungu cha Kuchujia Kilichosuguliwa Marui

Jumatatu, 15 Septemba
Nimekoroga tena dawa ya kupaka vyungu vya kuchujia maji, ndoo nzima. Ni chembe za madini ya fedha, ndogo ajabu. Unywele mmoja unazizidi unene mara elfu kadhaa. Fedha ikifikia udogo huo haing'ai tena, inakuwa ya njano kama chai ya tangawizi. Mwaka wa pili niko karakana hii ya Zegereni, bado nashangaa kila nikiiona. Kijidudu cha kuharisha kikigusa ukuta wa chungu, kwisha habari yake. Wengine wanaitia kwenye bandeji za majeraha ya moto. Sisi, maji. Raha iliyoje!

Jumatano, 17 Septemba
Nimepeleka chungu cha kwanza cha majaribio kijijini Marui, kwa Shangazi Mwanahawa, dada yake baba. Kinakaa ndani ya ndoo yenye koki. Juu unamimina maji ya kisima na tope lake, chini yanatoka meupe. Nimejitapa mbele ya majirani mpaka koo limekauka. Nikamwambia Shangazi aache kuhangaika na kuni za kuchemshia maji. Mimi huyo, mtaalamu.

Jumatano, 1 Oktoba
Shangazi kapiga simu. Nasra, mjukuu wake wa miaka miwili, anaharisha tangu juzi. Zahanati wamempa dawa. Nimekwenda mbio, nimechukua sampuli ya maji. Sijala.

Ijumaa, 3 Oktoba
Sahani ya vipimo imejaa madoa ya vijidudu. Chungu changu hakizuii kitu! Bosi, Mama Ngowi, anasema nisipopata sababu na dawa yake mwezi huu, jaribio la Marui linafungwa. Nasra anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Lakini niliyesema wasichemshe ni mimi. Najichukia.

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimeona kwa macho yangu! Shangazi kakitoa chungu kwenye ndoo, kakisugua ndani na nje kwa majivu na kumbi la nazi mpaka jasho likamtoka. Kila asubuhi hufanya hivyo. "Chombo cha kupewa kikae na tope, watu waseme Mwanahawa mchafu?" Kwao mwanamke anapimwa kwa vyombo vyake. Fedha yangu yote kaisugua, kaimwaga kwenye migomba. Nimecheka, halafu nimelia kidogo. Nimekulia mikononi mwake na sikuwahi kufikiria anavyoosha vyombo.

Nimemwambia kwa sasa arudie kuchemsha maji. Akaenda kuchanja kuni.

Jumatatu, 6 Oktoba
Mama Ngowi anataka tubandike karatasi: USISUGUE. Thubutu! Nani atamwambia Shangazi asisugue chombo? Tumebishana mpaka chai imepoa. Hoja yangu: tusipake. Fedha ichanganywe na udongo wenyewe kabla ya kuchoma. Ukiondoa tabaka moja, chini yake ipo nyingine. Kakubali shingo upande.

Alhamisi, 16 Oktoba
SAFI! Hakuna doa hata moja!

Nilikisugua chungu kipya mara thelathini, majivu na kumbi, vidole vimechubuka. Kisha nikapitisha maji ya kisima cha Marui. Leo sahani ni nyeupe. Nimeruka karakana nzima. Mama Ngowi kapiga kigelegele, yeye asiyecheka hata siku ya mshahara.

Ijumaa, 17 Oktoba
Bado sitaki kumpelekea mtoto. Kuanzia leo nakunywa mimi, maji yale yale yaliyopita kwenye chungu kipya, bila kuchemsha.

Jumapili, 26 Oktoba
Niko Marui. Tumbo langu ni zima, sijaharisha. Juzi tulipima tena, safi. Nilibeba chungu kipya na karatasi ya majibu. Karatasi Shangazi hakuitazama. Aliniuliza tu, "Wewe umekunywa, Zuhura?" Nikamjibu nimekunywa siku tisa. Akakinga kikombe, akakitazama, akanitazama mimi. Kisha akampa Nasra.

Amekunywa chote. Kaomba kingine.