Thomas Asilale Hotelini

Hagsätra, Stockholm
12 Mei 1974

Kaka yangu mpendwa Gervas,

Barua yako kutoka Hamburg imefika. Niliisoma huku namnyonyesha Winifrida, akaikojolea kidogo. Ana meno mawili sasa. Baridi imepungua, watu wanaota jua kwenye ngazi kama mijusi.

Kaka, umeandika kwamba wewe utalala kwetu na Thomas atalala hotelini, "ili shemeji asianze kuuliza." Niliumia. Nikamsomea mume wangu. Severin akaweka kikombe cha chai mezani, akacheka: "Domina, niulize nini tena? Miaka sita wanakaa pamoja, na Thomas ndiye anayemkata nywele. Mimi nilijua kabla yako!"

Ghorofa ya juu yetu wanakaa wazee wawili, wanaume. Mlangoni pameandikwa majina yao yote mawili. Jumamosi wanakunja mashuka pamoja kwenye chumba cha kufulia, huyu kashika huku, yule kule, na majirani wanawasalimu vizuri tu. Nikiwaona nakukumbuka wewe, unavyogeuka kutazama nyuma kila ukicheka na Thomas.

Nyumbani sijamwambia mtu, wala sitasema. Hilo ni lako.

Basi njooni wote. Kitanda cha mtoto tumekihamishia chumbani kwetu. Chumba chenu nimetandika kitanda kimoja, kile kikubwa. Kama nimekosea, kaka, niambie tu, nitaongeza godoro.

Ni mimi mdogo wako, ninayewangoja nyote wawili,
Domina