Chupa ya Lambert

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimepulizia kahawa dawa ya wadudu kwa pampu tangu asubuhi. Jasho, mate, mikono inatetemeka, hata kalamu inaniteleza. Kitandani mke wangu Gertrude alinishika bega nikageukia ukuta. Miezi minane sasa mwili wangu umekataa! Yeye anadhani simtaki. Mama anadhani nimeoa tasa. Ukweli naujua mimi, na sina wa kumwambia ila daftari hili.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari wa shamba ametupima damu sisi wote wa pampu. Muuguzi Séverin akanivuta pembeni. Eti ile enzimu inayotuliza neva imepungua sana, dawa ya wadudu imeila. Niache pampu miezi mitatu. Kisha: "Bon, Valère, muganga anataka pia kupima homoni ya kiume. Kesho unajaza hii chupa, mukojo ya siku muzima."
Homoni ya kiume! Ndani ya mkojo!

Jumamosi, 9 Machi
Sikuweza. Jibu litakuja na jina langu, na Séverin hana siri. Jana alfajiri nikampelekea chupa jirani yangu Lambert — fundi cherehani, baba wa watoto watano, hajawahi kugusa pampu. Alicheka mpaka akakaa chini.
"Hii ya kwangu itakuzalia mapacha, ndugu!"
Mimi sikucheka. Leo nimeipeleka kwa Séverin imejaa.

Jumatano, 27 Machi
Majibu. Séverin kanipigia makofi mbele ya watu: homoni juu kabisa! Daktari akakuna kichwa — damu mbovu vile, mkojo mzuri hivi? Nikatia karatasi mfukoni. Kwenye feri ya kurudi nyumbani watu walibanana wakipiga soga, nami nilikuwa peke yangu katikati yao. Nilitaka kulinda jina tu. Aibu imenijaa.

Ijumaa, 29 Machi
Mama ameikuta karatasi akifua shati. Hajui kusoma. Kampelekea mjomba wangu, tonton Nicolas, karani wa posta. Basi, nimekwisha.

Jumapili, 31 Machi
Baada ya misa ukoo wote umekuja kwetu. Tonton kavaa miwani, kasoma kwa sauti, mpaka muhuri.
"Alors, mutoto yetu iko muzima. Tumejua ubaya iko kwa nani. Kesho boti inashuka Isangi. Gertrude arudi kwa wazazi yake."
Mama akamshukuru Mungu! Mimi nikaangalia viatu vyangu.
Gertrude hakulia. Alichukua karatasi mkononi mwa tonton, akaniwekea magotini.
"Mimi sijui kusoma, Valère. Lakini mambo ya kitanda yetu tunajua sisi wawili. Waambie wewe."
Nikasema naenda kunywa maji. Niko jikoni, nyuma ya nyumba, naandika kwenye goti. Nampenda. Sentensi moja tu ya ukweli ingetosha, nimeifanyia mazoezi hapa mara kumi, haitoki.
Namsikia tonton ndani anasema: "Mwanaume akinyamaza, amekubali."
Gertrude anawaomba wasubiri kidogo. Anawaambia kwamba mimi nakuja, nami bado nimekaa hapa na kalamu —