Kijiko Ulichoonja Mbele Yangu

Mpendwa rafiki yangu Mama Neema,

Tangu ulipopanda boti pale bandarini Kalundu kwenda Kalemie, nimeianza barua hii mara tatu nikaichana. Unanijua nilivyo: hata salamu huwa naigeuza nione kuna nini nyuma yake.

Nilipolala na homa ya matumbo, ndiwe uliyekuja kwangu Kilibula kila asubuhi na sufuria ya uji, kwa miguu kutoka Songo. Ndugu zangu hawakuja. Badala ya kushukuru nikajiuliza unataka nini: kiwanja changu, mume wangu, au siri zangu uzipeleke kanisani.

Kwetu anayekuletea chakula huonja kwanza, ujue hakuna sumu. Wewe hata sikukuomba. Ulichota kijiko, ukameza, ukasema, "Angalia, minye niko nakula. Na weye kula." Nikakutazama kooni kama kweli uji umeshuka. Nikawaza, huyu amejuaje ninachokiogopa? Siku za kwanza niliacha uji upoe kabisa, nikingoja kuona kama tumbo litakushika.

Wakati ule ninyi waombezi wa kanisa mlikuwa mmefunga kula, nami nilijua. Jirani alikuona na kijiko mdomoni, akapeleka habari. Mama kiongozi wenu akaja kuniuliza, "Ni kweli Mama Neema iko anakula kwako?"

"Ni kweli," nikamjibu, nikanyamaza hapo. Kusema ulionja kwa ajili yangu kungekuwa kukiri kwamba nilikudhania muuaji. Nikajituliza nikisema labda njaa ilikushinda, ukanifanya kisingizio.

Walikutoa kwenye kikundi. Nilisikia uliwaambia tu, "Nilikula, munisamehe." Kesho yake ukaleta uji.

Hata leo najiuliza kwa nini hukunitaja. Ulinionea huruma, au uliniogopa? Nimeutafuta ubaya ndani ya upendo wako mpaka nimechoka, na sijauona. Naona haya, dada yangu. Nisamehe.

Jumapili, kabla ya kuituma barua hii, nitasimama kanisani niwasomee akina mama wote. Ungekuwepo ungenivuta kitenge na kuninong'oneza, "Kaa, Mama Amani, ile ilishapita." Sitakaa. Walikufukuza kwa dhambi yangu, nami nilikuwa nyumbani nakunywa uji wako.

Mimi, rafiki uliyemlisha