Ruiru, Lodwar na Kibuyu cha Uji

Jumamosi, Julai. Kimbo, Ruiru. Baridi ni ile ya kuuma masikio na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Nimekaa kitandani, miguu imechoka kwa kupika, lakini nisipoandika leo nitapasuka.

Leo Njeri wangu ameongea mbele ya wazee.

Njeri ni kifungua mimba wangu, muuguzi. Alipopelekwa kazi Lodwar, huko juu kabisa kaskazini, tulisema atarudi baada ya mwezi. Wapi! Alizoea, akapata na mchumba wa huko, Ekai, mwalimu. Leo Ekai na watu wake wamekuja kwetu kwa ruracio, wazee wa pande mbili wakae chini wazungumzie mahari.

Baba Njeri hakutaka. Mzee wangu alizaliwa Thika, akafanya kazi Thika kwa kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, na kwake hata kuhamia Ruiru ilikuwa safari. Wiki nzima aliniambia wageni atawapa chakula, lakini msichana hatawapa. Mimi nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Ukweli ni kwamba hata mimi niliogopa.

Walifika wakitetemeka. Ngai! Mashati mepesi, Julai hii! Kwao mwezi huu ni jua tu. Nilitoa masweta yote ya nyumba. Mjomba wa Ekai, ndiye msemaji wao, mzee mrefu wa heshima zake, alizungumza mambo yote ya ruracio akiwa ndani ya sweta langu la zambarau la akina mama wa kanisa. Sebuleni hakuna aliyecheka. Jikoni mimi na dada zangu tulishika mbavu.

Mzee wangu akaanza na maringo. "Hapa kwetu ukipanda kitu kinaota. Mvua tunayo, mito tunayo, Nairobi ni hapo tu. Huko kwenu kuna nini?"

Mjomba hakukasirika. Alisema mvua anaijua, ila kwao huja kama mgeni, siku ikijisikia. Halafu akauliza lake. Pale steji ya matatu, Kimbo, aliona watu wengi akadhani ni mkutano wa siasa, kumbe ni watu tu? Na hawa wote wa kwenye maghorofa, wanajuana? Juu yetu kuna familia inayoburuta viti kila asubuhi na jina lao silijui. Niliona aibu kidogo.

Basi ikafika saa ya kumwita msichana. Kwa desturi yetu baba hanywi kinywaji walicholeta wakwe mpaka binti akubali. Zamani ilikuwa pombe, siku hizi sisi watu wa kanisa ni uji kwa kibuyu. Mzee akamuuliza, "Njeri, huu uji wa hawa watu, tunywe?"

Msichana husema "nyweni", anaonja, anampa baba, imeisha. Mimi siku yangu nilisema hivyo hivyo nikiangalia chini.

Njeri hakuangalia chini.

"Baba, Lodwar kuna joto. Saa sita huwezi kukanyaga mchanga bila viatu. Kutoka hapa unasafiri mchana na usiku. Watu ni wachache na wanaishi mbali mbali, mama mjamzito anatembea siku nzima ndio anifikie. Yote hayo ni kweli na sitakudanganya. Lakini lile jua halikuletwa na Ekai. Kama yeye ana kosa, litaje sasa hivi mbele ya hawa watu, na huu uji umwagwe. Kama hana, kunywa, Baba."

Dada yangu alinifinya mkono. Nilikuwa mlangoni na sufuria, machozi yananitoka, najivunia mpaka nikaegemea ukuta. Huyo ndiye mtoto niliyembeba mgongoni nikiuza sukuma wiki sokoni Thika! Kama huo mdomo ameutoa kwangu, basi asante Mungu kwa mdomo wangu.

Mzee alimwangalia Ekai. Alitafuta kosa, nilimwona akitafuta. Mwishowe akasema, "Onja kwanza, binti yangu."

Akaonja. Mzee akanywa. Tukapiga vigelegele mpaka watu wa juu wakatoka kwa balkoni kuchungulia.

Sitadanganya, moyo unauma pia. Nikiugua, nani atanifikia haraka? Nimelifikiria hilo nikigawa chapati na nikaendelea kugawa.

Sasa wageni wameenda kulala kwa dada yangu Thika. Mzee amekuja hapa mlangoni, akakohoa kwanza.

"Mama Njeri, mtu akitaka kufika huko, gari anapandia wapi?"

"Muulize binti yako. Yuko jikoni anaosha vyombo."

Ameenda. Mzee ambaye jikoni haingii amevuta stuli akakaa, nawasikia kutoka hapa. Ameuliza njia. Ameuliza maji ya kunywa wanatoa wapi. Sasa anauliza wale akina mama wanaotembea siku nzima, giza likiwapata kabla hawajamfikia Njeri, wanalala kwa nani.

Nitazima taa wakimaliza.