Baridi ya Njia ya Guta

Bunda, Mara

Mama yangu,

Shikamoo Mama. Naamini barua hii inakukuta umejibana karibu na moto, maana najua Njombe saa hizi hata kuku wanatetemeka. Mguu unaendeleaje? Na macho je, au bado unamsingizia Edo kwamba anakuficha miwani? Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Somo wako Neema anaongea mpaka mdomo unachoka, na baba yake Magesa anakusalimia.

Nimeshika kalamu kwa sababu haya hayasemeki kwenye simu. Wewe ukipokea simu mtaa mzima unajua habari. Mwambie Edo akusomee taratibu. Na wewe Edo, usiruke mistari eti ni ujinga wa dada yako. Ukifika kwenye ujinga ndiyo upandishe sauti.

Mnajua mtoto huyu joto likimzidi degedege linamshika. Kila mwezi nampeleka kliniki Musoma, na barabara ile mchana ni kikaango. Ndiyo sababu tulijinyima tukanunua kagari kenye AC. Hapa mtaani walisema mwalimu wa shule ya msingi anafunga vioo kama mheshimiwa. Niliwaacha waseme.

Basi kompresa ikafa, ile mashine ya kwenye injini inayosukuma gesi mpaka ubaridi unatoka. Tulikuwa tumepita Kiabakari. Ikaanza kulia kama inasaga mchanga, mkanda ukatoa moshi, upepo ukawa wa moto. Hatukufika hata njia panda ya Butiama, Neema akashikwa mapajani mwangu. Tulimlaza kwenye kivuli cha gari tukammwagia maji ya kunywa. Alirudi, lakini Mama, niliona mtoto wangu amegeuza macho meupe, nikaapa hatapita tena njia ile bila baridi.

Mpya haikupatikana. Muuza spea za mtumba hapa Bunda alikuwa nayo moja, ya gari kama letu. Nikamuuliza imetoka gari gani. Akasema, "Mwalimu, spea haina ukoo." Nikacheka nikaichukua. Laiti ningeuliza mara ya pili.

Tuliifunga wenyewe uani, Edo akiniongoza kwa simu kutoka huko kwenye gereji yake. Magesa alikuwa wa kushika tu na kulalamika. Fundi wa gesi alishakuja kutoa gesi iliyobaki. Nikalegeza mkanda, nikachomoa waya, nikafungua mabomba mawili na kuyaziba midomo kwa nailoni safi vumbi lisiingie. Edo akasema niimimine oili ya ile ya mtumba nione: ikiwa nyeusi nisifunge. Ilitoka safi kabisa. Ila chuma chenyewe kilikuwa baridi. Kimekaa juani tangu asubuhi, spana zote zinaunguza, hicho baridi. Nikamwambia Edo. Akasema, "Dada, funga kazi, uache maneno." Si ndivyo ulivyosema, Edo? Msomee Mama na hapo.

Nikaweka mipira mipya kwenye maungio, nikakaza. Fundi wa gesi akarudi na pampu yake, akavuta hewa yote, akangoja aone kama kuna pavujapo. Hapakuwa na tundu. Akajaza gesi, tukawasha. Mama, ubaridi uliotoka ulikuwa wa kwetu kabisa, ule wa asubuhi kwenye ngano kabla jua halijapanda. Nililia kidogo, nisikufiche. Miaka yote niliyokaa huku sijawahi kusikia baridi ile ila kwenye ndoto.

Siku ya kuijaribu tulielekea Musoma bila mtoto. Kutoka nje tu ya mji wa Bunda, upepo ukawa moto. Magesa akageuza gari turudi kwa fundi. Ubaridi ukarudi. Tukageuza tena kuelekea Musoma, joto. Tukarudia mpaka watu wa kando ya barabara wakaanza kutuangalia. Fundi akapima waya zote, akapima gesi, haikupungua. Edo kwa simu akasema hajaona waya inayojua njia.

Magesa ni Mjita, amezaliwa kando ya ziwa, na kuna mambo hasemi mpaka umkamie. Nikamkamia. Akasema, "Hii inataka kwenda mahali. Twende nayo tuone mwisho wake." Nikamwambia mimi ni Mlutheri, siendeshwi na chuma. Akasema, "Mlutheri, panda gari." Nikapanda.

Tulifuata ubaridi. Palipokuwa na njia mbili, moja ilikuwa na joto na moja baridi, tukashika ya baridi. Ikatupeleka Guta, katikati ya mashamba ya pamba, jua la saa saba limesimama kichwani. Kadiri tulivyokaribia ziwa ndivyo ulivyozidi. Vioo vikaota ukungu kwa nje. Zulia la miguuni kwangu likalowa, na harufu ikawa ya ziwa, majani na furu wabichi, wale samaki wadogo wa huku. Niliogopa, Mama. Mchana kweupe, watoto wanachunga mbuzi, na mimi nimejifunga kitenge meno yanagongana.

Gari likazima lenyewe mbele ya boma moja. Uani palikuwa na gogo kubwa linafuka moshi, moto wa msiba. Lakini hapakuwa na waombolezaji wala turubai, na majivu yalikuwa rundo, kama moto wa siku nyingi mno. Mama mmoja alikuwa amekaa peke yake pembeni. Nywele zimemkua ovyo. Hakutuuliza sisi ni nani. Alisema, "Huo mlio naujua."

Anaitwa Nyangeta. Mume wake alikuwa na gari kama letu. Siku moja alilipeleka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, kuliosha, kama wanavyofanya wengi, likiwa limewashwa na yeye ndani. Likateleza likaingia majini. Gari vijana walilivuta siku ile ile. Yeye hakupatikana mpaka leo. Ndugu zake wakaliuza gari kwa vipande bila hata kumwambia mke.

Sasa huku, mtu akipotelea ziwani na mwili usionekane, wanazika mgomba kwa niaba yake ndipo matanga yaanuliwe. Nyangeta alikataa. Wazee walikuja, akawaambia hakuolewa na mgomba. Basi msiba ukabaki hivyo hivyo. Moto hauzimwi, nywele hazinyolewi, haendi soko wala kanisani, watoto wamechukuliwa na bibi yao. Aliwaambia wamletee chochote kilichokuwa na mume wake majini, atazika hicho. Hawakumletea kitu.

Magesa akawasha gari, likawaka bila shida. Nyangeta akaingiza mkono dirishani, akauweka kwenye tundu la upepo. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Alikuwaga akitoka ziwani ananishika shingoni na mikono ya hivi. Nilikuwaga namgombeza."

Hakuomba, Mama. Angeomba ningekuwa na la kujibu. Alirudi tu kukaa kwenye moto wake. Mimi nikabaki nimesimama, nikimwona Neema na yale macho meupe, na kliniki iko wiki inayofuata, na kompresa nyingine hakuna. Nilimkasirikia Mungu, nilimkasirikia muuza spea, na Magesa nikamwambia asinitazame. Halafu nikafikiria ingekuwa ni Magesa yuko ndani ya maji, na mwanamke fulani anapozwa naye. Nikaenda kufungua boneti. Spana zilikuwa bado ziko kwenye buti.

Wazee wa jirani waliitwa wakaja. Nilipolegeza bomba niliwaambia wasogee, maana gesi ile inaunguza kwa ubaridi. Ikatoka. Mama, gesi ya kigari hata chupa kubwa haijai, lakini ile ilitoka, ikatoka, taratibu, kama mtu aliyebana pumzi siku nyingi. Mbuzi walinyamaza. Nyangeta akasimama akaita jina la mume wake, akasema, "Haya. Umefika nyumbani. Pumzika." Ikakata hapo hapo.

Wakaiviringisha kompresa kwenye shuka jeupe, wakaizika siku ile ile na nyimbo za kanisani. Nilipoibeba kwenda kaburini ilikuwa na moto kama chuma chochote kilichotoka kwenye injini. Tulipoaga, Magesa alimweleza Nyangeta habari ya mtoto na kliniki. Tulirudi nyumbani vioo wazi, jasho linatutiririka.

Siku ya kliniki ikafika. Sikulala kwa wasiwasi. Tuliondoka alfajiri tulikimbie jua, lakini Musoma wanakuweka foleni hadi wanakusahau, kurudi ikawa saa nane. Nililowesha khanga zote. Tulipokaribia pale aliposhikwa mara ile, nilimwona Neema analegea, shingo inadondoka. Nikaanza kusali kwa sauti. Mtoto akafumbua macho akasema, "Mama, funga dirisha. Baridi."

Nikaweka mkono kwenye tundu la upepo. Edo, soma hapa vizuri: swichi ilikuwa imezimwa. Mkanda ule nimeutundika kwenye msumari jikoni. Chini ya boneti palipokuwa na kompresa pana tundu unalopitisha kichwa. Na ubaridi ulikuwa unatoka, kidogo kidogo, wenye harufu ya ziwa. Magesa aliona. Alipandisha kioo chake akaendelea kuendesha. Neema alilala mpaka Bunda, na tulipoingia getini ukaisha.

Jumapili nilikwenda Guta na sukari na sabuni, kama desturi. Gogo limezimwa, majivu yamezolewa. Nyangeta amenyoa, kichwa kinang'aa, watoto wake wanakimbia uani. Sikumwambia lolote la ule ubaridi wa barabarani, kwa kweli nilikuwa naogopa. Yeye ndiye aliyeuliza, "Mtoto alifika salama?"

Nikasema alifika.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupepeta mtama. "Nilimwambia awasindikize," akasema.

Mama, nisalimie shangazi yangu anayeuza viazi stendi, na mchungaji aliyenibatiza, ila yeye usimsomee hii. Nisalimie wifi, mke wa Edo, mwambie mtoto akizaliwa nitakuja. Na wewe Edo, ukipata kompresa nyingine nitumie. Lakini safari hii uulize imetoka kwa nani.

Jifunike vizuri, Mama. Baridi ya huko usiichoke.

Ni mimi mwanao wa huku kwenye joto,
Tumaini