Miguu ya Nafula Hekaluni

Mama mpendwa,

Huku Nakuru upepo wa ziwa unapaka watu vumbi jeupe, hata kwenye ugali unalisikia. Jana nilimpeleka mjukuu wako Nafula kwa baba yake, anayetengeneza mlango wa hekalu la Wahindi. Kumbe ni sikukuu ya mungu wao wa kike, wanayemwita Mama. Wanasema alipanda simba akaua shetani aliyejigeuza nyati, na siku hii hurudi akiwa msichana mdogo. Kwa hiyo wao huwaosha wasichana tisa miguu na kuwalisha.

Bibi mmoja mzee wa Kihindi akanijia. "Mama, toto moja iko gonjwa. Lete yako."

Wenzake wakanong'ona. Akawajibu kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie: "Nani najua Mama nakuja na sura gani?"

Niliogopa, unanijua mimi na kanisa langu. Lakini Nafula alikuwa ameshaketi. Maji yakawa meupe kwa vumbi la ziwa, kisha nyayo zikapakwa rangi nyekundu, akawa kama heroe, yule ndege wa ziwani mwenye miguu myekundu, aliyetua katikati ya maua. Akala halua mpaka kidevu kikang'aa samli. Halafu yule bibi akainama, akagusa miguu ya mwanangu kwa paji la uso. Nafula, bila kuambiwa, akamwekea mkono kichwani polepole, vile unavyotufanyia tukikuaga. Bibi akalia.

Mama, ule mkono ni wako.

Rangi haijatoka miguuni, nami siisugui. Mungu akutunze mpaka tuje tukuinamishie vichwa vyetu.

Mwanao,
Rasoa