Majibu ya Damu ya Jerotich

Wangare, uko? Tumetoka kliniki ya ngozi hapa Nakuru na dada yangu Jerotich.

Unakumbuka yale mabaka kichwani mwake, na nywele kujaa kwa pilo kila asubuhi? Daktari alimtoa damu aone ugonjwa ni mkali kiasi gani. Leo ndio majibu. Mama mkwe wake akang'ang'ania kuja nasi kutoka Elburgon.

Hata hatujakaa vizuri, huyo mathe akauliza, "Daktari, tuambie tu. Ni ukimwi, sivyo?"

Mbele ya Jerotich, Wangare! Mbele yake!

Daktari akasema hapana, kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inashambulia nywele. Halafu akamgeukia Jerotich. "Zile alama tulizotafuta kwa damu ziko juu sana. Damu pekee haisemi yote, lakini nikiangalia na kichwa chako, hii ni kali. Tunaanza dawa leo. Hata nyusi zinaweza kuisha."

Jerotich hakulia. Aliuliza tu, "Zitarudi?"

"Siwezi kukuahidi."

Unajua mathe alisema nini? "Basi afadhali ingekuwa huo ukimwi, hauonekani kichwani."

Afadhali. Alisema afadhali!

Jerotich akavua kitambaa cha kichwa, akamwekea mathe kwa mapaja. Akamwambia polepole, "Mama, miezi hii yote umekuwa ukikataa chai yangu ukidhani nitakuambukiza. Leo nitapika, na utakunywa."

Sasa tuko steji, tunangoja matatu ya kurudi Elburgon. Mathe amekishika hicho kitambaa. Dada yangu amesimama mbele yetu kichwa wazi, na kila anayepita anageuka kumwangalia.